Mapinduzi ya kisiasa na riwaya ya Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, walimu na wasomaji wa kawaida wanaokutana na riwaya za Kiingereza zilizoandikwa katika kivuli cha mapinduzi. Sehemu kubwa inahusu miaka ya 1790, maana huko ndiko chungu kilikochemka.

Ni mapinduzi gani hasa yaliyoigusa riwaya ya Kiingereza?

Kwanza ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vilivyofikia kilele kwa Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Kisha mageuzi ya 1688, Mapinduzi ya Ufaransa kuanzia 1789, na Mapinduzi ya Urusi ya 1917. Kwa waandishi wa Kiingereza waliotoka nje ya Uingereza kuna ukombozi wa makoloni na yaliyofuata, yakiwemo Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964. Vita vya uhuru vya Marekani vilitikisa siasa kuliko vilivyotikisa riwaya. Haiti, ambako watumwa walijikomboa kati ya 1791 na 1804, ilistahili zaidi ya ilichopata: Harriet Martineau alimfanya Toussaint Louverture shujaa wa riwaya yake *The Hour and the Man* mwaka 1841 tu, miaka 50 tangu moto uwake.

Ukibanwa uchague moja, chagua ya Ufaransa. Hayakuingia Uingereza kwa jeshi. Yaliingia kwa vitabu, na alama zake zimebaki humo humo vitabuni.

Waingereza walimkata mfalme wao kichwa kabla ya Wafaransa. Mbona riwaya za wakati ule hazionekani?

Kwa sababu riwaya kama tunavyoijua ilikuwa haijasimama. Mwaka 1641 mahakama ya kifalme iliyoubana uchapaji ilivunjwa, na mwaka uliofuata kumbi za tamthilia zikafungwa. Watu wakamwaga wino kwenye vijitabu. Muuza vitabu mmoja wa London, George Thomason, alikusanya takriban 22,000 kufikia 1661.

Kazi kubwa za fasihi zilikuja baadaye, tena kutoka kwa walioshindwa. John Milton, kipofu na mtetezi wa jamhuri iliyokwisha kuzikwa, alitoa *Paradise Lost* mwaka 1667. Mkataba ulimpa pauni 5 mkononi na nyingine 5 zikiuzwa nakala 1,300. John Bunyan, aliyewahi kuwa askari upande wa Bunge, alikaa gerezani Bedford miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali, na *The Pilgrim's Progress* ikatoka 1678.

Tarehe inayosahaulika ni 1695. Mwaka huo sheria ya kuomba kibali kabla ya kuchapa iliachwa ife. Bila mlango huo kuwa wazi ni vigumu kumfikiria Daniel Defoe, aliyejiunga na uasi wa 1685 dhidi ya Mfalme James wa Pili na kuwekwa kwenye mkatale hadharani mwaka 1703 kwa ajili ya kijitabu, akiishi kwa kalamu hadi kuandika *Robinson Crusoe* mwaka 1719.

Jakobini na Jakobaiti ni kitu kimoja?

Hapana, na kosa hili peke yake huangusha insha nyingi. Majakobini ni wanachama wa klabu ya siasa ya Paris iliyokutana katika nyumba ya zamani ya watawa. Wajakobaiti ni wafuasi wa Mfalme James wa Pili, aliyeondolewa 1688, na wa kizazi chake. Jina limetokana na James kwa Kilatini, Jacobus. Wajakobaiti walitaka kumrudisha mfalme wao, Majakobini walitaka kumwondoa wa kwao. *Waverley* ya Walter Scott, ya 1814, inahusu uasi wa Wajakobaiti wa 1745.

Ongeza na hili: waandishi wa Uingereza wanaoitwa Majakobini hawakujiita hivyo. Jina walibandikwa na wapinzani. William Godwin, anayetajwa wa kwanza katika kundi hilo, alipinga mapinduzi ya kutumia nguvu na hata vyama vya siasa. Aliamini katika mazungumzo ya watu wachache wakiwa wametulia.

Kama hoja zilikuwa za siasa, kwa nini waliandika riwaya?

Fuata bei. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Kitabu cha falsafa cha Godwin, *Political Justice* (Februari 1793), kiliuzwa pauni 1 na shilingi 16. Kibarua wa shamba angelazimika kuweka mshahara wa mwezi mzima bila kula. Sehemu ya kwanza ya *Rights of Man* ya Thomas Paine, kitabu cha kuyatetea Mapinduzi ya Ufaransa, ilitoka 1791 kwa shilingi 3, kisha yakaja matoleo ya peni 6, na hapo ndipo serikali ilipochachamaa: Paine alihukumiwa Desemba 1792 akiwa hayupo nchini. Godwin hakuguswa. Somo likawa wazi kwa kila mchapishaji, kwamba bei ilikuwa sehemu ya kosa.

Riwaya ilikaa katikati. Ilikuwa ghali kununua lakini ilipatikana kwenye maktaba za kuazimisha kwa ada, ambako nakala moja ilipita mikononi mwa wengi. Na ilisomwa na wanawake na vijana wasiogusa falsafa.

Kwa nini *Caleb Williams* hutajwa kila mara?

Kwa sababu ndani ya riwaya hii ya Godwin ya 1794 unaona mapinduzi yakibadilisha umbo la riwaya, si mada peke yake.

Jina lake la kwanza ni *Things as They Are*, yaani mambo yalivyo. Matoleo ya baadaye yalitanguliza jina la mhusika. Caleb ni katibu wa Falkland, bwana wa shamba mwenye sifa njema. Anagundua kwamba Falkland alimuua jirani yake Tyrrel, kisha akawaacha baba na mwana wa familia ya Hawkins wanyongwe kwa kosa hilo. Tangu hapo Caleb anasingiziwa wizi, anafungwa, anatoroka, anajigeuza sura, na kila anapotaka kuanza upya, Gines, mkamata wezi wa kulipwa, ameshatangulia kumchafulia jina. Anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, akiwa bado anawindwa. Riwaya ya upelelezi na ya kufukuzana ina deni kubwa hapa. Godwin alieleza baadaye kwamba alibuni juzuu ya tatu kwanza, kisha akarudi nyuma kutafuta sababu za kuifikia.

Sasa tazama mwisho wake, maana iko miwili. Katika mswada wa kwanza Caleb anamshtaki Falkland, Falkland anakana, hakimu anamwamini bwana. Caleb anarudishwa kifungoni, akili inaanza kumtoka, na sentensi zake zinakatika vipande vipande hadi zinazimika. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei 1794, Godwin aliutupa mwisho huo akaandika mwingine: Falkland, mgonjwa wa kufa, anaguswa na ushahidi wa Caleb na kukiri mbele ya watu. Caleb badala ya kushangilia anajiona yeye ndiye muuaji. Mwisho wa kwanza unatimiza ahadi ya jina la kitabu. Wa pili unajaribu kuamini kwamba ukweli ukisemwa vizuri hushinda, na hapo hapo unaonja uchungu wa ushindi huo. Wanaosema mwisho wa pili ni wa furaha hawajausoma hadi aya ya mwisho.

Dibaji ina kisa chake. Imeandikwa tarehe 12 Mei 1794, siku ile ile aliyokamatwa Thomas Hardy, fundi viatu na katibu wa chama cha wafanyakazi cha kudai kura. Adhabu ya uhaini ilikuwa kunyongwa na kukatwa vipande. Wauza vitabu wakaingiwa hofu na dibaji ikaondolewa. Hardy aliachiwa huru na mahakama Novemba, na dibaji ikarudi katika toleo la pili, pamoja na maelezo ya Godwin kwamba wakati ule hata mtunzi mnyonge wa riwaya angeweza kugeuzwa haini.

Je, serikali ilipiga marufuku riwaya?

Kwa kawaida hapana. Baada ya 1695 hakuna aliyeomba kibali ili kuchapa kitabu. Hatari ilikuja baada ya kuchapa: shtaka la uchochezi lingeweza kumwangukia mwandishi, mchapaji, au muuzaji wa dukani. Kwa hiyo anayetishika kwanza ni mwenye duka. Joseph Johnson, mchapishaji wa Mary Wollstonecraft, alihukumiwa kifungo cha miezi 6 mwaka 1799 kwa kuuza kijitabu cha mtu mwingine.

Tamthilia ilikuwa kesi tofauti. Tangu 1737 kila mchezo wa jukwaani ulihitaji kukaguliwa kabla. Ndiyo sababu *Caleb Williams* ilipopelekwa jukwaani na George Colman mwaka 1796, ilipewa jina la *The Iron Chest*, sanduku la chuma, na siasa zikapunguzwa hadi kubaki siri ya familia.

Kamba ilikazwa hatua kwa hatua: tangazo la kifalme dhidi ya maandishi ya uchochezi tarehe 21 Mei 1792, kusitishwa kwa haki ya kutoshikiliwa bila shtaka Mei 1794, sheria mbili za kubana mikutano na maneno Desemba 1795, na sheria ya 1799 iliyomlazimu mchapaji kuandika jina na anwani yake kwenye karatasi ya kwanza na ya mwisho. Ukishika nakala ya Kiingereza ya miaka ya 1800 mwanzoni, fungua ukurasa wa mwisho kabisa, chini. Ule mstari mdogo wenye jina la mchapaji si pambo.

Mwandishi aliyeogopa alifanya nini?

Aliihamisha hadithi. Charlotte Smith ni kipimajoto kizuri, kwani alitoa riwaya karibu kila mwaka akiwa na watoto wa kulisha. *Desmond* (1792) ni riwaya ya barua, imewekwa kati ya Juni 1790 na Februari 1792, na inaunga mkono Wafaransa waziwazi. *The Old Manor House* (1793) inarudi nyuma hadi vita vya Marekani. Lawama dhidi ya vita ni zile zile, ila tarehe zimebadilika. *The Banished Man* (1794) ina shujaa ambaye ni kabaila wa Kifaransa aliyekimbia nchi yake. Miaka mitatu, vitabu vitatu, na kati ya cha kwanza na cha pili mfalme wa Ufaransa alikatwa kichwa (21 Januari 1793) na vita vikaanza.

Wengine walikimbilia makasri ya kale ya Italia na Uhispania, yenye mahandaki, watawa waovu na wafungwa wasiojulikana. Marquis de Sade aliandika mwaka 1800 kwamba riwaya hizo za kutisha ni zao la mishtuko ya mapinduzi. Ana hoja, ingawa walikuwepo waliozitunga kabla ya 1789.

Upande wa pili uliandika nini?

Mengi, na mengine ni ya kuchekesha kweli. Riwaya ya kupinga Majakobini inatambulika haraka: kuna mwanafalsafa mwenye maneno matamu, mara nyingi akitamka sentensi za Godwin zilizopindwa kidogo, na kuna msichana anayezimeza na kuharibikiwa. *The Vagabond* ya George Walker (1799) na *Memoirs of Modern Philosophers* ya Elizabeth Hamilton (1800) ni mifano mizuri. Ya Hamilton imeandikwa kwa akili zaidi. Kwa maskini, Hannah More alianzisha mwaka 1795 vijitabu vya hadithi vya kati ya nusu peni na peni moja na nusu, na ndani ya mwaka mmoja milioni 2 zilikuwa zimesambazwa, nyingi zikinunuliwa na matajiri ili zigawiwe bure. Ukitaka kulinganisha nguvu ya pande mbili, usisahau nani alilipia.

Na wanawake waliounga mkono mabadiliko?

Wollstonecraft alimjibu Edmund Burke, mwanasiasa aliyeandika kitabu cha kuyashutumu Mapinduzi ya Ufaransa, ndani ya mwezi mmoja, Novemba 1790, bila kutia jina. Toleo la pili likawa na jina lake. Riwaya yake *Maria* inaanzia katika nyumba ya wendawazimu alikofungiwa mke mwenye akili timamu kwa amri ya mumewe. Alifariki Septemba 1797 kabla ya kuimaliza, siku chache baada ya kujifungua, na Godwin, mumewe, akaitoa 1798 pamoja na wasifu uliofichua mambo yake ya ndani. Alidhani anamheshimu. Aliwapa maadui kuni za miaka mingi.

Jane Austen hakusema lolote kuhusu Mapinduzi?

Alisema kwa mlango wa nyuma. Mume wa binamu yake Eliza alikatwa kichwa Paris mwaka 1794, kwa hiyo habari zilifika hadi sebuleni. Katika *Northanger Abbey* kuna mazungumzo mafupi ya kusoma polepole. Catherine anasema kwamba jambo la kutisha mno litatokea London karibuni. Eleanor anashtuka, anadhani ni ghasia. Kaka yake Henry anacheka: Catherine alimaanisha riwaya mpya, juzuu tatu, kurasa 276 kila moja, yenye picha ya makaburi mawili na taa; dada yake ameshaona kundi la watu 3,000, benki ikivamiwa na damu mitaani London. Neno moja, na mmoja amesikia kitabu, mwingine amesikia mapinduzi. Kwa wasomaji wa miaka ile vitu hivyo viwili vilikuwa na sauti moja, na Austen anaiacha kama utani.

Nisome *Frankenstein* toleo gani?

La 1818, ukitaka siasa. Njia rahisi ya kulitambua ni hii: lina juzuu tatu zenye sura 7, 9 na 7, na Elizabeth ni binamu wa Victor Frankenstein, mwanasayansi anayeunda kiumbe hai. La 1831 lina sura 24 mfululizo, utangulizi wa mwandishi, na Elizabeth ni yatima aliyelelewa na familia. Toleo la 1818 limetolewa kwa heshima ya Godwin, baba wa Mary Shelley. Victor anasoma Ingolstadt, mji ambako mwaka 1776 kilianzishwa chama cha siri ambacho Padri Barruel alidai ndicho kilichozaa Mapinduzi ya Ufaransa. Akina Shelley walikisoma kitabu chake. Kiumbe asiye na jina, mwema hadi anapotendewa ubaya, ni hoja ya Godwin iliyovishwa nyama.

Je, *A Tale of Two Cities* ni chanzo cha kuaminika cha historia?

Hapana. Ilitoka kwa vipande 31 vya kila wiki kati ya 30 Aprili na 26 Novemba 1859, miaka 70 baada ya gereza la Bastille la Paris kuvamiwa, na Dickens aliegemea sana historia ya Thomas Carlyle ya 1837. Gereza analolichora lina kiza cha mateso ya miaka mingi. Bastille ilipovunjwa ilikuwa na wafungwa 7 tu. Pia anaruka kutoka 1789 hadi 1792, kwa hiyo katiba na mijadala havimo. Isome kama hofu ya Mwingereza wa 1859 kuhusu umati, hapo itakupa mengi.

*Shamba la Wanyama* ni kuhusu Urusi au kuhusu mapinduzi yoyote?

George Orwell aliilenga Urusi kwa usahihi wa fundi. Wachapishaji kadhaa waliikataa mwaka 1944, Uingereza ikiwa bega kwa bega na Stalin vitani, na ikatoka tarehe 17 Agosti 1945 kwa nakala 4,500. Mfano mmoja wa usahihi huo: mswada ulisema kinu kilipolipuliwa wanyama wote, akiwemo Napoleon, nguruwe anayemwakilisha Stalin, walijitupa chini kifudifudi. Orwell aliomba neno libadilishwe liwe wote isipokuwa Napoleon, kwa sababu Stalin alibaki Moscow Wajerumani walipokaribia. Alitaka kumtendea haki hata adui wa kitabu chake. Na alipoulizwa maana, alielekeza kwenye maziwa na matofaa: pale nguruwe walipojitwalia na wengine wakanyamaza, ndipo mambo yalipogeuka. Tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere ilitoka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na wasomaji hawakuhitaji kuambiwa walinganishe.

Mapinduzi ya Zanzibar yamo katika riwaya ya Kiingereza?

Yamo, hasa kwa Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana katika miaka ya 1960 na kupata Tuzo ya Nobel 2021. Anza na *By the Sea* (2001). Saleh Omar, mzee muuza samani aliyepitia jela baada ya mapinduzi, anatua uwanja wa Gatwick tarehe 23 Novemba na kisanduku cha udi, na ofisa wa uhamiaji anakichukua. Msomaji wa pwani anajua udi ule unanukiaje na unafukizwa lini, ofisa hajui. Hadithi inasimuliwa na watu wawili wenye kumbukumbu zisizopatana kuhusu nyumba moja. Linganisha na Caleb: msimulizi ni yule yule mtu aliyechafuliwa jina anayejitetea, ila safari hii hakuna hakimu wa kukata shauri.

Ni makosa gani yanayopoteza alama katika insha?

La kwanza ni kuchanganya mwaka wa tukio, mwaka wa kuandika na mwaka wa kuchapwa. *Northanger Abbey* iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1790, ikauzwa kwa pauni 10 mwaka 1803, ikatoka Desemba 1817. Andika miaka yote mitatu pembeni kabla ya kuanza hoja. La pili ni kutafuta mashine ya kukata vichwa katika kila kitabu. Tafuta badala yake nani anasimulia, nani anaaminiwa na hakimu, na mwisho unamtendea nani haki. La tatu ni kunukuu bila kutaja toleo.

Nina muda wa vitabu vitatu tu.

*Caleb Williams*, *Frankenstein* ya 1818, na *By the Sea*, kwa mpangilio huo. Viwili vya kwanza vinapatikana bure mtandaoni kwa sababu haki zake zimekwisha. Kwa *Caleb Williams*, tafuta nakala iliyoweka mwisho wa kwanza kwenye kiambatisho, na usiufungue kabla hujamaliza ule wa pili.